Upepo wa Jioni Pale Kisiwani

Kule Manyoni, chini ya ukingo wa bonde, kuna uwanja wa ndege ambao kwa miezi kadhaa ya mwaka ni kisiwa. Haukujengwa kisiwani. Waliouchonga walitafuta mahali pagumu katikati ya mbuga, wakapata tuta refu la changarawe, wakalisawazisha, wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa kandokando, wakasimika nguzo ya mkaratusi mwishoni, wakaondoka. Mvua zikija mbuga inajaa. Udongo mweusi unakunywa maji mpaka unashiba, kisha maji yanalala juu yake, na ule uwanja unabaki peke yake umeinua mgongo, maji pande zote. Wanakijiji wanapaita Kisiwani. Ukitaka kwenda huko unakunja suruali na kuvuka kwa miguu, na matope yanakuvua viatu.

Sijaona mahali panapochukia ndege kama pale. Asubuhi ukungu unapanda kutoka majini na kufunika njia yote ya kurukia. Ukungu ukiondoka linaingia joto, na hewa ya joto, nilikuja kujifunza, ni nyepesi. Ndege inakimbia na kukimbia na haitaki kunyanyuka. Mchana upepo unatoka upande wa Dodoma, unavuka mbuga bila kukutana na mti, unafika uwanjani ukisukuma na kuacha, ukisukuma na kuacha. Jioni upepo huo unachoka na kukaa kimya kidogo. Halafu upepo mwingine unateremka kutoka juu ya ukingo, upande wa Kilimatinde, wa baridi na wa ghafla, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo mlangoni bila kuangalia nani anapita.

Nilifika huko kwa sababu ya kwelea.

Niliacha shule darasa la sita, nyumbani kwetu Utemini, na tangu hapo sijamaliza mwaka katika chumba kimoja. Nimepakia vitunguu, nimefuatana na warina asali katika misitu ya Itigi, nimeuza kuku kwenye madirisha ya treni. Siyo kwamba kazi zilinishinda. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Bwana shamba mmoja alinikuta stesheni ya Manyoni nikimuuliza fundi wa reli maswali ambayo fundi hakutaka kuyajibu. Alikuwa anatafuta mtu mwenye simu inayokaa na chaji, tena asiye na shamba. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Katika kijiji kile kila mwenye mikono alikuwa juu ya ulingo akilinda uwele.

Kwa asiyewajua, kwelea ni ndege mdogo kuliko kifaranga, mwenye mdomo mwekundu. Mmoja hana neno. Lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama moshi wa shamba linaloungua, wanageuka wote pamoja, na mabawa yao yanasikika kama mvua inayoanza juu ya bati. Wakitua, mabua yanainama. Wakiinuka, mabua yanasimama, matupu. Kwa hiyo uwele ukianza kukomaa kijiji kizima kinahamia shambani kabla jua halijatoka, na makopo, na mijeledi, na makombeo ya kurushia mabonge ya udongo. Watu wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Ukiwafukuza kwako wanatua kwa jirani, na jirani anakuona. Nilipofika, watu wa nyumba moja walikuwa hawasalimiani na nyumba ya pili kwa ajili hiyo, na uchovu ulikuwa umewaondolea hata aibu ya kutukanana mbele ya watoto.

Jioni kwelea walikwenda kulala kwenye matete, upande wa mbuga. Huko ndiko ndege ndogo ya kiti kimoja ingewamwagia sumu, saa ile ambayo wote wametua na giza halijaingia. Ingetumia uwanja wa Kisiwani, ambao hauna taa hata moja. Rubani alihitaji mtu wa kumwambia hali ya hewa, na mtu huyo nikawa mimi.

Nilipangishwa kwa mama mmoja mjane ambaye shamba lake ndilo lilikuwa la mwisho kabla ya matete. Siku ya kwanza nilimkuta juu ya ulingo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Iko wapi?"

"Bado haijaja."

"Basi chukua kopo upige. Usisimame hapo kama mgeni wa harusi."

Nilipiga kopo. Nililipiga siku hiyo mpaka kiganja kikachubuka, na kati ya kishindo na kishindo alinieleza mambo yake bila hata kunitazama. Mwaka uliopita kwelea walimmaliza, akaishi kwa kuomba. Mumewe alikuwa amekufa kabla ya hapo. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa na shamba la pili kutoka pale, na kikao cha ukoo kilikuwa kimeshaamua: akikosa mavuno mwaka huu tena, atahamia nyumbani kwa shemeji, atalishwa, na shamba litalimwa na shemeji.

"Nitalishwa," alisema. "Unasikia neno hilo? Kama mbuzi aliyefungwa kwa ajili ya sikukuu."

Shamba lenyewe lilikuwa zuri. Mimi ni Mnyaturu, najua uwele. Masuke yalikuwa marefu kama mkono wa mtoto, na maziwa yalikuwa yameanza kugeuka kuwa punje. Lilihitaji kama wiki mbili za amani.

Rubani alianza kunipigia simu akiwa bado Dodoma. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, mwisho wa uwanja, karibu na ile nguzo ya mkaratusi iliyofungwa soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya chungwa unaojaa hewa na kuelekea upepo unakokwenda.

"Upepo ukoje?"

"Mkali, kapteni."

"Mkali ni nini? Mkali kama pilipili? Soksi imesimama au imelala?"

"Imesimama."

"Yote au nusu?"

"Mpaka mwisho. Mkia unatikisika."

"Sasa hivyo ndivyo unavyosema. Usiniambie mkali. Ukingo unauona?"

"Nauona, ila kichwani una wingu."

"Piga njia kwa kisigino, kutoka mwisho mpaka mwisho. Kisigino kikizama, niambie kimezama wapi."

Nilipiga uwanja mzima kwa kisigino kama punda mwenye hasira. Nilipomaliza nilimpigia, akanishukuru kwa kukata simu. Mtu wa namna hiyo. Lakini nilikuwa nimeanza kupenda kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu halafu akategemea jibu langu kwa uhai wake. Nilijifunza kutofautisha wingu linalopita na wingu linalokaa. Nilijifunza kwamba maji ya mbuga yakipata mikunjo midogo upande mmoja tu, upepo unageuka.

Alipokuja hatimaye, asubuhi, kijiji kilishangilia. Watoto walivuka maji mbio. Rubani alishuka, mtu mfupi, mnene, wa makamo, kofia imemkaa nyuma ya kichwa, akaangalia huku na huku, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amewaruhusu watoto kugusa bawa?" Shangwe zikafa pale pale. Alikuwa ameruka miaka mingi katika viwanja vya visiwani, baharini, na alipenda kutukumbusha. Huko, alisema, upepo una adabu. Ukiuona asubuhi unajua jioni utakuwaje. Huku kwetu ni upepo wa kihuni.

Jioni ya kwanza upepo wa Dodoma haukuchoka. Sumu ingepeperushwa mpaka kijijini, kwa hiyo hakuruka. Jioni ya pili wingu lilishuka kwenye ukingo. Jioni iliyofuata mvua ilinyesha, uwanja ukalainika. Kila jioni kwelea walipita juu yetu kwenda kulala, wamejaa uwele, na watu walioshinda ulingoni walikuja ukingoni mwa maji kuona kama ndege itaondoka. Ilipokuwa haiondoki walibaki pale wakitusindikiza kwa maneno.

"Kapteni, umekuja kuruka au kunenepa?"

"Mwacheni jamani, anaogopa kulowa."

"Juzi upepo, jana wingu, leo matope. Kesho atasema jua linamchoma macho!"

"Na huyu Mnyaturu wake anayepiga uwanja mateke! Uwanja umekukosea nini, wewe?"

Rubani alivuta turubai juu ya kioo cha ndege, akalifunga kamba, taratibu, huku mgongo wake umewaelekea. Kisha akaniambia mimi, lakini kwa sauti ya kuwafikia wote, "Waambie wingu likifunika ukingo mimi siuoni. Na ukingo ni jiwe." Mtu mmoja akarusha bonge la udongo kwa kombeo. Halikumpata. Liligonga pipa la mafuta likasambaa, na yeye akatoa kitambaa akalifuta pipa, kana kwamba ni ndege mpitaji aliyelichafua. Kuanzia siku hiyo bwana shamba alikuja na mgambo wawili.

Mimi nyumbani nilikuwa sina raha. Mama mwenye nyumba aliniwekea ugali bila neno. Kisha siku moja akasema, "Kula. Huo unaokula ni wa mwaka jana wa kuombwa. Wa mwaka huu uko kule kwenye matete, umo tumboni mwa kwelea, unamsubiri kapteni wako apate hewa anayoipenda." Robo ya shamba, upande wa matete, ilikuwa imekwisha.

Mchana wa siku iliyofuata upepo wa Dodoma ulikuja na nguvu ambayo sikuwa nimeiona. Nilikuwa upande wa pili, kwenye mapipa, niliposikia mlio kama mfupa unavunjika. Nguzo ya mkaratusi, ambayo kumbe ndani ilikuwa imeliwa na mchwa, ilikatika katikati ikaangukia majini. Niliiacha kwanza nimsaidie rubani kukaza kamba za mabawa, maana ndege yenyewe ilikuwa inataka kuondoka bila mtu. Tulipomaliza nilikwenda kwenye nguzo. Kipande cha juu kilikuwa kinaelea. Soksi haikuwepo.

Niliitafuta majini mpaka kiunoni. Rubani alisimama juu ya changarawe, mikono kiunoni.

"Bila soksi siruki," alisema.

"Kapteni, upepo unaonekana hata kwenye nyasi."

"Jioni nikirudi nitaziona nyasi? Upepo unageuka hapa saa ile ile ninayotua. Nikiingia na upepo mgongoni, njia inaisha, na mbele ni maji. Wewe utakuja kunitoa?"

Nilijaribu kutundika mfuko wa salfeti kwenye mti mrefu. Ukaning'inia kama suruali ya marehemu. Rubani aliutazama, akaenda kukaa chini ya bawa.

Na jioni hiyo, ndiyo jioni tuliyokuwa tumeisubiri. Ukingo ulikuwa wazi, kila jiwe linaonekana. Uwanja umekauka. Upepo ulianza kuchoka mapema, na nilijua ungelala kabisa. Bwana shamba alivuka maji akija mbio, viatu mkononi, akipiga kelele, "Imeonekana! Soksi yenu iko kwa mama mwenye nyumba wako! Ameitundika shambani!"

Tulikwenda watatu, rubani naye, suruali yake imekunjwa mpaka magotini. Toka mbali niliiona. Ilikuwa juu ya ulingo, imefungwa kwenye mti mrefu wa kuning'inizia makopo, imejaa upepo, inaruka na kupiga mkia kama kitu chenye roho, rangi yake ya chungwa inawaka juu ya uwele wote. Na niseme ukweli: hapakuwa na kwelea hata mmoja katika shamba lile. Kundi lilikuja likaiona, likapinda, likamwangukia shemeji. Tulimsikia kule akilaani na kupiga mjeledi.

"Mama," bwana shamba alisema, "hiyo ni mali ya serikali."

"Nimeiokota kwenye maji."

"Umeiokota, sawa. Lete."

"Hii nguo imefanya kazi kwa mchana mmoja kuliko ndege yenu tangu ije. Mkitaka nguo, dukani zipo."

"Nitaita mgambo."

"Waite. Waambie waje na mikuki, maana mimi panga ninalo."

Rubani aliangalia juu, akaangalia soksi ilivyoanza kulegea, mkia ukishuka. "Mama," alisema, "upepo unalala. Unauona mkia? Ukilala kabisa nina muda mdogo sana. Nikikosa leo, kesho sijui."

"Jana pia ulisema hujui."

"Jana sikujua. Leo najua."

"Mkiondoka nayo nitaiona tena?"

"Hapana," rubani akasema. "Ni ya uwanja."

Nilidhani amekosea kusema hivyo. Lakini naona lile jibu ndilo lililomgusa mama, maana kila mtu mwingine tangu mwanzo alikuwa anampa ahadi. Kisha akang'oa ule mti wote kutoka kwenye ulingo, soksi ikiwa juu yake, akateremka.

"Nguzo yenu imevunjika," alisema. "Mtaifunga wapi? Nitaishika mwenyewe. Ndege ikitua na kwelea wakiwa wazima, narudi nayo shambani, na huyo mgambo anifuate."

Shemeji alikuwa amesogea mpakani, mjeledi mkononi, akisikiliza. "Shemeji," alisema, "kwelea wanakula mara ya mwisho saa hizi. Nani anabaki hapa?"

"Wewe si upo?"

"Nenda, basi. Nitakuangalizia."

Mama alimtazama. Hakuwa na mwingine. Watu wa nyumba yake walikuwa mimi na yeye, na mimi nilitakiwa uwanjani kukaza vifuniko vya mapipa na kuondoa mbuzi waliovuka maji. "Umesikia alichosema," akaniambia mimi, siyo shemeji, na akaingia majini na mti wake begani.

Nilimweka mwisho wa uwanja, nje ya mawe meupe. Alisimika mti kwenye matope, akaukumbatia. Soksi ilikuwa imelala kabisa, imeuambata mti kama ngozi. Rubani alipanda, injini ikaguruma, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu yule akitenda kazi yake. Ndege ilipita mbele yetu, magurudumu yakirusha changarawe, nzito kwa sumu, ikatumia uwanja wote, nikadhani inaingia majini, kisha chini yake pakawa na mwanga.

Halafu ikatokea jambo ambalo ningelitegemea kama ningekuwa na akili ya kufikiria watu badala ya mawingu. Kijiji kizima kiliacha mashamba. Watu ambao kwa siku zote zile walikuwa wamemtukana rubani waliteremka ulingoni wote, wake kwa waume, wakakimbilia ukingoni mwa maji kuona ndege inaruka. Walisimama kwa mstari mrefu, vinywa wazi. Shemeji alikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu, mjeledi umelala begani, shingo imepinda kufuata ndege. Nimejiuliza sana kuhusu uso ule. Sikuona hila. Niliona mtu mzima anayeshangaa kama mtoto. Lakini na mimi sikuwa mtu wa kuutafuta ubaya saa ile. Nilikuwa nashangaa vilevile.

Yule mama peke yake hakutazama juu. Alikuwa ameuelekeza uso shambani kwake, ng'ambo ya maji, ambako giza la kwelea lilikuwa linashuka mara ya mwisho kabla ya kulala.

"Wako kwangu," alisema.

"Shemeji yako..."

"Yule pale. Nimemwona. Wako kwangu."

Angeweza kuacha mti. Nilimwambia nitaushika mimi, akimbie. Aliangalia umbali, maji, matope, akaona kama mimi nilivyoona kwamba hafiki. Wakati huo ndege ilikuwa inasubiri mbali, juu ya mbuga, inazunguka. Kwelea waliinuka kutoka mashambani, wakamiminika kwenye matete, kundi baada ya kundi, mpaka matete yakalemewa. Ndipo ndege ikateremka, chini sana, ikapita juu ya matete na mkia wa moshi mweupe. Ikageuka, ikapita tena. Watu walipiga vigelegele. Hakuna upepo. Moshi ulishuka ulipotakiwa kushuka.

Ilikuwa inarudi, imeshajipanga kuingia kutoka upande wetu kama ilivyoondoka, niliposikia baridi shingoni. Maji yalikunjika. Upepo wa Kilimatinde ulitufikia wote kwa mpigo mmoja, soksi ikajaa kwa kishindo, na mti ukataka kung'oka. Mama aliung'ang'ania. Nilimrukia kusaidia, akanipiga kiwiko cha kifua.

"Ondoka, unamficha asione!"

Nikalala chini. Yeye alisimama, kanga inapiga, miguu imezama matopeni, anasukumwa nyuma na kurudi, na juu ya kichwa chake soksi imenyooka kama kidole ikielekea kule kule ndege ilikokuwa inakwenda. Ndege ilikuwa karibu kiasi cha kuona kofia ya rubani. Kisha injini ikalia, pua ikainuka, ikapita juu yetu, ikaenda kuzunguka, na ikaja kutua kutoka upande wa pili, kwenye mwanga ambao ulikuwa umebaki kidogo sana. Ilisimama mbali na maji.

Rubani alikuja kwa miguu. Nilidhani atampa mkono.

"Mama, ulisimama karibu mno na njia," alisema. "Bawa lingekuua."

"Kwelea wamekufa?"

"Watakufa usiku huu."

"Basi chukua nguo yako." Akamwachia mti mikononi, akavuka maji kwenda shambani.

Asubuhi bwana shamba alipita na kipaza sauti akikataza watu kuokota kwelea waliokufa na kuwala. Matete yalikuwa yamefunikwa nao, na harufu ilianza mapema. Mashamba mengi yalikuwa yameguswa jioni ile, kidogo kidogo, na wenyewe walicheka kwamba ile ilikuwa tiketi ya kuona ndege. La yule mama lilikuwa la kwanza kutoka kwenye matete. Mabua yalikuwa yamesimama wima, mepesi, yanachezea upepo. Upande wa barabara tu ndio uliokuwa na masuke yaliyojaa.

Nilimsaidia kuvuna baada ya yale yaliyobaki kukomaa. Alikata suke moja moja kwa kisu, hata yale yenye punje upande mmoja, na aliokota chini yaliyoanguka. Tulipura, akapepeta, akamimina kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti la kuwekea nafaka. Hakikufika nusu.

Shemeji alikuja jioni hiyo na wazee wawili wa ukoo. Hakuingia kwa kiburi. Alikaa kwenye kigoda akiangalia mikono yake. "Nilikwenda kuangalia kidogo tu," alisema. "Kila mtu alikwenda."

Mama aliokota punje iliyodondoka sakafuni.

"Tuone kilichopatikana," mzee mmoja akasema. Wakainuka, wakafunua kilindo, wakaangalia. Shemeji aliingiza mkono mpaka akagusa chini. "Hii haifiki mvua zijazo. Ukoo ulishasema."

"Ukoo ulisema nikikosa mavuno. Hayo ni nini? Mchanga?"

"Ni kidogo, shemeji."

"Ni mavuno. Toa mkono wako."

Wazee walitazamana. Mmoja akasema kwamba kwa kweli mavuno ni mavuno, ila chakula cha watu wawili hakiwezi kutoka humo hata miezi mitatu. Alisema watu wawili huku akinitazama mimi. Wakaondoka na kusema watarudi mwezi wa kumi kuona amebakiwa na nini.

Mama alisubiri mpaka hatua zao zikaacha kusikika. Mimi nilikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu Utemini miguu yangu haikuwa inawasha. Nilikuwa nimeanza kufikiria nguzo mpya ya soksi, na jinsi ya kuisimika isiliwe na mchwa, na nilitaka kuuona uwanja ule wakati mbuga imekauka.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia, mama. Nitatafuta kazi, nitaleta..."

"Utaleta ukishapata. Leo una mdomo tu." Alifunika kilindo, akakalia kifuniko. "Hiki ni cha mtu mmoja. Nikila peke yangu, kidogo kidogo, kitanifikisha. Ukila na mimi, watakuja kunichukua. Ondoka asubuhi."

Niliondoka kabla jua halijachomoza. Alikuwa ameshaamka, anasaga, kiasi cha kujaza kiganja. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha jiwe. Hakunifungia chakula cha njiani, na nilipofika barabarani niligundua kwamba nilikuwa nimeogopa angefanya hivyo.